Umeme umekatika lakini mkono bado unatafuta swichi: kwanini tunajihujumu na kwanini kubadilika kunagoma

Umeme umekatika nyumbani na wewe unajua kabisa umekatika, umetoka kuulalamikia dakika mbili zilizopita, halafu unaingia chumbani kutafuta tochi na mkono wako unapanda wenyewe ukutani kubonyeza swichi. Taa haiwaki. Ndo unakumbuka. Unatoka hapo unaingia jikoni, unabonyeza tena.

Naomba ubaki na huo mkono kidogo, maana karibu kila kitu nitakachoeleza hapa kimo humo. Kichwani ulikuwa unajua, mkono haukuwa na habari. Na haukuwa na habari kwasababu mkono haujafundishwa kwa maneno, umefundishwa na zile mara elfu ulizobonyeza na taa ikawaka.

Nimeamua kuandika kwasababu neno "akili ya ndani" siku hizi linatajwa kila kona na kila mtu analitumia anavyotaka. Kijana amepata mtaji mara ya pili na ameumaliza mara ya pili, huyu anasema ni chuma ulete, yule anasema ni uvivu tu, mwingine anatuma klipu ya mhamasishaji inayosema akili yake ya ndani imesetiwa kuwa maskini na dawa yake ni kusimama mbele ya kioo kila asubuhi ajiambie mimi ni tajiri. Wanabishana mpaka saa sita usiku na kijana mwenyewe yupo humo humo kwenye grupu anasoma, kimya. Huyo ndo ninayemwandikia.

Tuanze na maneno. Akili ya ndani, kwa maana nitakayoitumia, ni kazi zote ambazo ubongo unafanya bila wewe kuzisimamia: kuendesha baiskeli, kushtuka, kujua bosi amekasirika kabla hajafungua mdomo. Sio jini, sio mtu mdogo amekaa kichwani, na sio kona moja ya ubongo ambayo unaweza kuionyesha kwa kidole. Kuzoeshwa ni pale kitu fulani kinapotokea pamoja na kingine mara nyingi, au mara moja kwa ukali sana, mpaka mwili unaanza kuitikia kabla hujafikiri. Na kujihujumu ni pale unapofanya jambo linalobomoa kitu ambacho wewe mwenyewe unakitaka kwa dhati, na unalifanya tena na tena. Kukosea mara moja sio kujihujumu. Kukosa hela pia sio kujihujumu, hilo nitalirudia huko chini.

Kuna mtu anaweza akauliza, sasa tunajuaje kwamba kuna akili inayojifunza bila mwenyewe kujua, si maneno tu hayo? Tunajua, na ushahidi mmoja mzito ulitoka kwa Mmarekani anaitwa Henry Molaison. Mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji wa ubongo kutibu kifafa, na baada ya hapo akawa hawezi tena kushika kumbukumbu mpya, unaongea naye, unatoka nje dakika chache, ukirudi anakuona mgeni. Mtafiti Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota huku anaangalia mkono wake kwenye kioo tu, kazi ngumu, jaribu utaona mkono unakimbilia upande usiotaka. Kwa siku tatu alirudiarudia ile kazi, na mchoro ukawa unanyooka siku hadi siku, mistari safi, makosa yamepungua, lakini kila siku ukimuuliza anakuambia kazi hii sijawahi kuifanya. Mkono umejifunza, mwenyewe hana kumbukumbu. Mimi kila nikikumbuka hii stori nafikiria ni mangapi tuliyojifunza tukiwa na miaka miwili, mitatu, minne, ambayo hatuna kumbukumbu nayo hata moja lakini mkono unachora.

Wahenga wetu hawakuwa na maabara lakini hili walilijua: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huu ukuti mkavu hauna sumu, haujamuuma mtu, ila una umbo la nyoka na hilo linatosha. Mrusi Ivan Pavlov, ambaye mwaka 1904 alipata tuzo ya Nobel kwa utafiti wake wa mmeng'enyo wa chakula, aligundua mbwa wake wanadondosha mate kabla chakula hakijafika, kwa sauti au ishara tu iliyokuwa inatangulia chakula. Kwa hiyo ukisikia mtu anaongelea mbwa wa Pavlov, anaongelea ung'ongo, tofauti ni kwamba kule ilikuwa chakula na hapa ni nyoka.

Ngoja nitoe wa kwangu. Mimi nimelelewa kwa mjomba, Morogoro. Geti letu lilikuwa la bati na lilikuwa na komeo la chuma ambalo likivutwa linagonga, kla! Mjomba alikuwa hapigi sana lakini alikuwa na maneno, na ukikutwa umekaa tu hufanyi kitu ulikuwa unayapata hayo maneno mbele ya wageni. Likilia lile komeo, redio inazimwa, mmoja yuko kwenye ndoo ya vyombo, mwingine ameshika daftari, mimi nilikuwa nashika ufagio. Hakuna aliyewahi kutuambia fanyeni hivi. Sasa nina umri wa kuwa mjomba wa mtu, nafanya kazi ofisini, na mlango wa bosi ukifunguliwa kwa nguvu mimi naanza kufungua mafaili kwenye kompyuta, hata kama kazi nimeimaliza tangu asubuhi. Moyo unaenda mbio. Bosi anapita anaenda zake kunywa chai.

Hapo bado sio hujuma, ni mshtuko tu. Hujuma inaingia kwa mlango mwingine, na hapa ndo naomba usome polepole.

Unapoogopa kitu halafu ukakikwepa, unapata nafuu. Ile pumzi unayoishusha simu ya yule mteja mkali inapoacha kuita bila wewe kuipokea, ndo hiyo nafuu, na kwa akili ya ndani nafuu ni mshahara. Kitendo chochote kinacholipwa mshahara kinarudi kazini kesho. Kwa hiyo unakwepa simu, unalipwa nafuu, kesho unakwepa tena na haraka zaidi, na kwasababu umekwepa hujawahi kufika karibu ukaona kwamba huenda kilikuwa ung'ongo. Mteja anaondoka. Wewe jioni unalia kwamba biashara haiendi, na unalia kweli, machozi sio ya uongo, maana anayetaka biashara iende na anayekwepa simu wote ni wewe, ila mmoja anahesabu faida ya mwaka na mwingine anahesabu nafuu ya dakika hii hii. Akili ya ndani haijui mwaka ni nini.

Ndo maana kumwita mtu huyu mvivu ni kukosea kabisa. Kukwepa kunachosha kuliko kazi, muulize yeyote aliyekaa na barua ya matokeo wiki nzima bila kuifungua.

Kuna dada mmoja namfahamu anauza genge, mchapakazi, saa kumi alfajiri yuko sokoni. Kila akijibana kwenye kibubu, hela ikianza kuonekana ni hela, anakivunja. Ananunua makochi, analipia harusi ya mtu, anamkopesha mtu ambaye anajua hatalipa. Tulikuwa tunamsema sana, na mimi nilikuwepo kwenye kumsema, nasikitika kusema hivyo. Siku moja akanisimulia kwamba mama yake alikuwa anaficha kibubu chini ya mvungu wa kitanda nyuma ya ndoo ya mkaa, na baba alikuwa anakijua, anakiacha kijae, halafu anakivunja. Ilitokea zaidi ya mara tatu, na yeye akiwa mtoto ndo alikuwa anaokota vipande vya udongo. Sasa niambie, mtoto wa namna hiyo amefundishwa nini kuhusu akiba? Amefundishwa kwamba hela iliyolala ni hela inayomsubiri mwizi, na hela pekee ambayo ni yako kweli ni ile uliyoitumia leo. Kwenye ile nyumba hilo lilikuwa somo sahihi kabisa. Shida ni kwamba ile nyumba haipo tena na somo bado linafanya kazi.

Kuna utafiti unafanana sana na hili. Mtafiti Celeste Kidd na wenzake, Marekani, walichukua watoto 28 wakawaahidi vifaa vizuri vya kuchorea, kundi moja mtu mzima akavileta kweli, kundi lingine akarudi mikono mitupu akasema samahani havipo. Baada ya hapo kila mtoto akawekewa peremende moja laini akaambiwa ukisubiri bila kuila utapata mbili. Waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 12 hivi. Waliodanganywa, dakika 3. Ni watoto wachache, sio neno la mwisho, lakini angalia kilichotofautiana hapo: sio nguvu ya roho ya mtoto, ni kama mtu mzima aliyekuwa mbele yake alitimiza alichosema. Tunavyowahubiria watu nidhamu ya hela tungekuwa tunawauliza kwanza nani aliwahi kuwavunjia kibubu.

Aina nyingine ya kujihujumu haianzi na kushindwa, inaanza na kufanikiwa bila kuelewa umefanikiwaje, na watu wengi hawaijui. Mwaka 1978 Steven Berglas na Edward Jones waliwapa wanafunzi wa chuo maswali, wengine wakapewa maswali yasiyo na jibu kabisa, halafu wote wakaambiwa mmefanya vizuri sana. Kabla ya mtihani wa pili wakaambiwa wachague dawa, moja inasaidia akili na nyingine inaipunguza. Waliosifiwa kwa maswali ambayo hawakujua wameyajibu vipi, hasa wanaume, wengi walichagua ile inayopunguza akili. Maana yake ukifeli una sababu ya kusema, ni dawa, sio mimi.

Nilivyosoma hii nilinyamaza muda mrefu, maana ndo mimi na ripoti zangu. Ripoti naimaliza Jumanne, nakaa nayo mpaka Ijumaa saa kumi jioni, naituma dakika ya mwisho bila kuipitia. Ikiwa na makosa, basi muda ulikuwa mdogo. Sikuwahi kupanga hivyo hata siku moja, ningekula kiapo kwamba natingwa na kazi. Mjomba hawezi kukusema kama umeshika ufagio.

Sasa tuje kwenye yale yanayosambazwa. Ile ya siku 21 kwamba ndo inatosha kubadilisha tabia ilianzia kwa Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura mpya. "Angalau" ikadondoka njiani, na sura ikageuka tabia. Phillippa Lally na wenzake walipopima kweli, London, kwa watu 96 waliochagua kila mmoja kitendo kidogo kama kunywa maji au kutembea kidogo kila siku, matokeo waliyoyachapisha mwaka 2010 yalitoa wastani wa siku 66, wa haraka 18, na wa polepole makadirio yalifika 254. Kwa hiyo wewe uliyejiona huna maana kwasababu siku ya 22 ulirudi nyuma, ulikuwa unapimwa kwa rula mbovu. Na waliona pia kwamba kuruka siku moja hakuharibu kazi.

Ile ya kusikiliza audio zenye ujumbe uliofichwa, mwaka 1991 Anthony Greenwald na wenzake walijaribu kaseti za namna hiyo, za kuongeza kumbukumbu na za kuongeza kujiamini, ila wakabadilisha lebo kwa nusu ya watu bila kuwaambia. Baada ya wiki kadhaa kaseti hazikufanya kilichoahidiwa, lakini zaidi ya theluthi moja ya watu waliamini wameboreka kwenye kile kilichoandikwa kwenye lebo. Ile ya kioo ina tatizo lake pia, Joanne Wood na wenzake wa Canada waliona mwaka 2009 kwamba watu wanaojidharau wakijirudiarudia maneno ya kujisifu wanaweza kujisikia vibaya zaidi, kwasababu ndani kuna sauti inayojibu. Na ile kwamba akili ya ndani inaendesha asilimia 95 ya maisha yako, hakuna mzani wa kupima kitu hicho, mtu akikutajia muulize kapima na nini.

Kuhusu kurogwa na nyota kuchukuliwa, sitaki kugombana na imani ya mtu, mimi mwenyewe naomba Mungu. Ila naona inavyoumiza: inachukua tatizo lililo mikononi mwako inalipeleka kwa jirani, unabaki na jirani adui na tatizo palepale.

Halafu kuna upande wa pili ambao wahamasishaji hawausemi. Sio kila anayekwama anajihujumu. Mama ntilie ambaye marejesho ya mkopo yanakula faida yote hana tatizo la akili ya ndani, ana tatizo la riba. Mwanamke anayebaki kwa mume anayempiga mara nyingi amepiga hesabu ya watoto, kodi na vitisho, na kumwambia anajihujumu ni kumpiga mara ya pili. Kabla ya kumchunguza mtu nafsi, mchunguze kwanza mfuko na usalama wake.

Haya, kwanini kubadilika kunagoma hata pale ambapo umeshaelewa yote? Pavlov aliona jambo ambalo halisemwi sana. Akitoa ule mlio bila chakula, tena na tena, mate yanapungua mpaka yanaisha, ungedhani mbwa kasahau. Anampumzisha, anarudi baadaye anatoa mlio, mate hayo. Yaani somo la zamani halikufutwa, lilifunikwa. Mmeshaona zile nyumba zilizoandikwa ukutani NYUMBA HII HAIUZWI, mwenye nyumba anapaka chokaa juu, ukuta mweupe kabisa, ikija masika mvua mbili tatu herufi zinaanza kutokeza. Somo jipya ni ile chokaa. Ni kazi halisi, sio ya kudharau, lakini ukuta una kumbukumbu yake, na mvua yake ni uchovu, njaa, msiba, kugombezwa, na zaidi ya vyote kurudi sehemu ileile na watu walewale.

Hili la sehemu lina nguvu kuliko tunavyodhani. Lee Robins alifuatilia askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971, karibu mmoja kati ya watano alikuwa amenaswa na heroini kule, na watu waliogopa wanarudi na janga. Walio wengi kati ya hao walionaswa hawakurudia utumwa ule mwaka wao wa kwanza nyumbani. Mtaa tofauti, kazi tofauti, watu tofauti, ishara zote zilibaki Vietnam. Kwetu huwa tunaona kinyume chake: kijana anapelekwa kwa shangazi Lushoto, anakaa miezi sita safi, ananenepa, anarudi kijiweni kwake na wiki haijaisha ameshaanza tena. Tunasema hana shukrani. Alifunikwa chokaa Lushoto, mvua ikanyesha kijiweni.

Kwa hiyo kinachosaidia ni kumpa huyu wa ndani kile anachokielewa, yaani tukio, sio hotuba. Tukio dogo, la kweli, kwenye eneo lilelile analoliogopa, ambapo anakaa badala ya kukwepa na anaona mwisho wake. Mimi niliamua kitu kimoja tu, ikifika Jumatano saa nne asubuhi na ripoti imeisha, naituma, nisijiulize najisikiaje. Kupanga "ikifika hivi nafanya hivi" kunasaidia kwasababu uamuzi umeshafanyika mapema, moyo ukianza kwenda mbio hakuna kikao kingine. Mara ya kwanza mikono ilikuwa ya baridi. Bosi akajibu "nimeipata, asante". Basi. Mara ya pili hivyo hivyo. Kile cha kutotokea kitu ndo mwalimu mwenyewe, hakikuwezekana kunifikia wakati natuma Ijumaa jioni. Mwezi wa tatu nikagombezwa kwa jambo lingine kabisa na wiki nne zilizofuata nilirudi kwenye Ijumaa, herufi zimetokeza, nikachukua brashi tena.

Wale ambao nyoka wao alikuwa mkubwa, waliobakwa, waliopigwa utotoni, walioona mtu anauawa, wasijaribu haya peke yao chumbani. Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, Mirembe Dodoma ipo, na kwenda huko sio wazimu.

Yule dada wa genge hakuacha kuvunja vibubu kwa kuambiwa. Wenzake wa sokoni walimwingiza kwenye kikoba chenye sanduku la bati la makufuli matatu, funguo tatu kwa wanawake watatu tofauti, hakuna mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Mwaka wa kwanza alikuwa ananunua hisa moja tu kila Jumamosi ingawa uwezo wa tano alikuwa nao, na anakaa karibu na sanduku mpaka lifungwe. Siku ya mgao alizihesabu hela pale pale mbele ya watu, akafika nyumbani akafunga mlango akazihesabu tena, zilikuwa zote. Mwaka uliofuata akaanza na hisa mbili. Sasa hivi ananunua tano, na ufunguo mmoja wa lile sanduku anao yeye, kaufunga kwenye pindo la kanga.